Punda wa Koku

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Bweranyange, mtoto aliamka na harufu ya kahawa iliyoanikwa uani, akanawa uso kwa maji ya baridi yanayouma, akala ndizi za kiporo, kisha akapewa kazi. Watoto wa siku hizi wakiamka wanatafuta chaja. Sisi tulitafuta ndoo.

Maji tuliyafuata bondeni, na ndiyo sababu Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alirudi siku moja kutoka mnadani Nkwenda akivuta punda. Tulishangilia mpaka majirani wakaja. Lakini punda yule alikuwa ameteswa huko alikotoka. Mgongo ulijaa makovu, na mtu akiinua fimbo, hata ya kuangushia parachichi, alijitupa chini, akafumba macho, akasubiri kipigo. Ukimwekea madumu ya maji ndiyo kabisa, hainuki.

"Nimeuziwa hasara," Tata alisema. "Mnada ujao namrudisha. Wachuna ngozi watamchukua."

Dada yangu Koku alilia siku nzima. Mguu wake mmoja ulipooza tangu akiwa mchanga, na kwa kuwa shule ilikuwa mbali naye alishakuwa mzito wa kubebwa, alikuwa amebaki nyumbani. Nadhani alimwelewa yule mnyama kuliko sisi sote. Alimsihi Tata amwachie amjaribu kwanza, na Tata akakubali shingo upande.

Koku alitukataza fimbo. Aliketi nyuma ya nyumba juu ya majani makavu ya migomba, akampa punda mgongo, mkononi ana ndizi mbivu. Punda akisogea kidogo tu, Koku alipiga ulimi, "nta!", akamtupia kipande. Akirudi nyuma hakumgombeza, alisubiri.

"Unamalizia ndizi zetu," nilimwambia.

"Nyamaza. Anafikiri."

Ikafika mahali mlio wa ulimi tu ulitosha kumsimamisha masikio, na midomo yake laini ikawa inatafuta kiganja cha dada. Akajifunza kuinua mguu wa mbele akisikia "shikamoo". Akajifunza kubeba gunia tupu, kisha dumu tupu, kisha lenye maji. Halafu Koku akaligeukia lile lililomuudhi Tata zaidi, kulala chini. Alimgusa bega kwa kiganja, akasema "shuka", na punda alipokunja magoti akapewa ndizi nzima.

Siku ya mnada Tata, ambaye hakuwa ameyaona mazoezi yale ya nyuma ya nyumba, alikuja na kamba.

"Tata, ngoja kidogo," Koku alisema. Akamgeukia punda. "Shikamoo!"

Mguu ukainuka. Tata alijizuia kucheka, akashindwa. "Marahaba," akaitikia.

Kisha Koku akasema "shuka". Punda akalala taratibu, safari hii macho wazi, naye dada akajivuta hadi mgongoni, akashika manyoya ya shingo. Punda akainuka naye. Tata aliwatazama, akaikunja kamba yake. Mwishowe akauliza, "Shule wanafungua lini?"

Muhula ule Koku alirudi darasani akiwa juu ya punda. Njia nzima watu walitoka vibanjani, kwenye mashamba yao ya migomba, na wazee wenye mvi walimpa punda shikamoo ili tu waone mguu ukiinuka. Mama alikuwa akiwatazama mpaka wapotee kwenye kona, ndipo aingie jikoni.

Punda alikufa kwa uzee, na Koku sasa ana wajukuu wake huko Muleba. Barabara yetu imetengenezwa. Bodaboda moja inapakia watoto wanne kwa mpigo, wanafika shule usingizi haujawatoka, na siwaonei gere, maana siku hizi mguu haumzuii mtoto kusoma. Ila juzi asubuhi nilisimama kando ya barabara ile niwasalimie wakipita. Pikipiki zilipita, vumbi likatulia, na sikuwa nimeuona uso wa hata mmoja.