Mbavu Mbili za Nyangumi wa Sironga

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilisema hivyo nikiwa kijana wa kusukuma mkokoteni wa mawe, na nilikuwa bado nasema hivyo mwaka juzi, nikiwa na malori mawili, karakana ya uchongaji mjini Kisii, na nyumba ya ghorofa juu ya mashamba ya chai karibu na Sironga. Niliacha shule darasa la tano. Wale niliowaacha darasani wengine leo wananipigia simu niwaajiri watoto wao. Nimeuza viboko vya mawe kwa watu wa nchi ambazo sijui ziko upande gani wa dunia. Nimemwona mteja mzima, mtu wa suti, akitokwa machozi kwa sababu ya twiga aliyevunjika shingo ndani ya boksi. Nilimchongea mwingine siku hiyohiyo akiwa anakunywa chai.

Jiwe letu la Kisii ni laini. Ukilijua, unalikata kwa msumeno na kulipiga msasa kama mbao. Ndilo lililonitajirisha, hilo pamoja na mdomo wangu. Mdomo wangu una kanuni moja: hausemi "sijui."

Kwa hiyo shule moja ya sekondari ya huku kwetu, ambayo mimi ni mwenyekiti wa kamati yake ya ujenzi, ilipotaka kitu cha kuweka kwenye ukumbi wa maabara mpya, macho yote yalinigeukia. Mwalimu wa bayolojia alikuja kwenye mkutano na karatasi yenye mchoro wa mifupa. Alisema ni nyangumi wa zamani sana, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa jangwani Misri, mahali ambapo leo hakuna bahari, ni mchanga mtupu. Akasema hata hapa Kenya, kule Turkana, mbali kabisa na bahari, wataalamu waliwahi kuchimbua kichwa cha nyangumi wa kale. Wazazi wakaguna. Mimi sikuguna.

"Hiyo ni kazi ya wiki sita," nikasema. "Na natoa bure. Mawe, chuma, mikono, vyote."

Walinipigia makofi. Makofi ndiyo ugonjwa wangu.

Chini ya ule mchoro kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, mistari mingi, midogo midogo. Hapa lazima niseme jambo ambalo wakati ule alilijua mke wangu peke yake. Kiswahili nasoma vizuri, Biblia, gazeti, hata makaratasi ya korti. Kiingereza nasema kidogo cha kuuzia. Kukisoma, hapana. Nikikiangalia ni kama kichuguu: naona kuna uhai ndani lakini sijui nani anaenda wapi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikunja karatasi, naitia mfukoni, nasema, "Nimeona."

Ile pia niliikunja. Nikasema, "Nimeona."

Fundi wangu mkuu, mzee mwenye mikono ambayo sijaona mfano wake, alifuata mchoro mfupa kwa mfupa. Uti wa mgongo tuliufanya kwa vipande vya mawe vilivyotobolewa na kupangwa kwenye bomba refu la maji, kama shanga. Mbavu zilikuwa za nondo zilizokunjwa, nazo zikavishwa mawe vilevile. Siku moja aliniita.

"Bosi, hivi vidogo huku nyuma, karibu na mkia, unavionaje?"

Nikaangalia. Vilikuwa vimiguu viwili, na vidole.

"Mchoraji alikosea," nikasema. "Huyu ni wa majini. Wa majini atembee kwenda wapi?"

"Lakini nimeshavichonga."

"Basi vitupe."

Alinitazama kidogo, akavifunga kwenye gunia la mahindi. Hakuvitupa. Mzee yule ananijua.

Nyangumi alisimamishwa shuleni Alhamisi, kwenye nguzo mbili, ncha za mbavu zikining'inia shubiri moja juu ya saruji. Alipendeza! Ufunguzi ulikuwa Jumapili, wazazi wote wamealikwa. Kamati ilimzunguka wakinisifu mpaka nikachoka kushikwa mkono. Ndipo mwalimu wa bayolojia akaingia. Ni msichana wa huku huku, Mkatoliki, mwembamba kama penseli, na haogopi watu.

"Mzee, miguu iko wapi?"

"Miguu ya nani?"

"Ya nyangumi."

Nikacheka kwa sauti ili wote wacheke. "Mwalimu, wewe ulikutana naye wapi akitembea? Alikuwa anaenda soko la Daraja Mbili?"

Walicheka kweli. Yeye alingoja wamalize.

"Imeandikwa kwenye ile karatasi, mzee. Hapo chini. Hebu tusomee."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia mfukoni, ukakwama hapo. Watu kumi na wawili wakiniangalia. Nikasema nimesahau miwani. Mwalimu mkuu akasema tutazungumza baadaye, twende tukanywe chai. Lakini yule msichana alikuwa ameniona. Nilijua ameniona.

Jioni hiyo nilimpigia simu binti yangu aliye chuo kikuu. Nilianza mbali: chakula, mvua, karo. Kisha nikauliza kama mtu asiyejali, "Eti kuna nyangumi mwenye miguu?"

"Wa kale walikuwa nayo, tata. Midogo tu, nyuma. Kwani umejuaje?"

"Nilikuwa nakupima," nikasema, nikakata simu.

Mtu mwingine angeenda kwa mwalimu akakubali kosa. Mimi nilipanga. Miguu iwekwe bila mtu kujua, Jumapili ikute iko mahali pake, na nikiulizwa niseme nilikuwa nimeichelewesha makusudi iwe ya mwisho. Ijumaa, mchana kutwa, shule ilikuwa na watoto. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia. Jumamosi jioni kamati ingekuja kupanga viti, na Jumapili asubuhi wageni wangekuwepo. Ilibaki Jumamosi, saa za ibada.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Miaka mingi sikuwahi kushika hata nyundo siku ya Sabato, na nilishawahi kumkaripia kijana hadharani kwa kuuza ndizi siku hiyo. Sasa nikamwambia mke wangu naenda Gesima kumwona mgonjwa. Hakuuliza mgonjwa gani. Koti la kanisani, na simu ndani yake, niliviacha kwenye kiti. Lori nililiacha nyumbani lisionekane barabarani. Nikapita njia ya migombani na lile gunia la fundi begani, kama mwizi, nikafungua lango la shule kwa ufunguo wa mwenyekiti. Mlinzi alikuwa kanisani. Kila mtu alikuwa kanisani.

Nguzo ya nyuma ilikuwa imesimama palepale miguu ilipotakiwa kukaa. Nikaitoa, nikaweka matofali badala yake, nikajilaza chali chini ya tumbo la nyangumi, kichwa upande wa kifua chake. Mguu wa kwanza niliufunga vizuri. Nilipokuwa nakaza wa pili, tofali moja likateleza.

Sikuumia. Hilo namshukuru Mungu. Mkia ulishuka, bomba likateremka mpaka likanigusa kifuani, na mbavu zote zikasimama kwenye saruji kulia na kushoto kwangu. Nilikuwa kuku kwenye tenga. Nilijaribu kuteleza kwa upande wa mkia, lakini tumbo langu ni la mtu aliyefanikiwa. Halikupita. Nilijaribu kuinua. Kuinua mawe yale ukiwa umelala, mikono imekunjwa, ni kama kuinua nyumba. Mbele kulikuwa na nguzo. Pembeni kulikuwa na nondo, nami ndiye niliyeagiza iwe nene.

Kutoka pale nilisikia kwaya yetu vizuri kabisa. Nyimbo zote nazijua. Kila aliyepita shule ya Sabato anajua nilimfikiria nani mle tumboni, sina haja ya kumtaja. Nilitaka kupiga kelele. Hatua mia tatu tu kulikuwa na wanaume wa kutosha kuinua nyangumi wawili. Lakini wangenikuta nimelala ndani ya uongo wangu wote kwa pamoja: nafanya kazi siku ya Sabato, siko Gesima, na naweka miguu niliyoicheka. Nikafunga mdomo. Ni mara ya kwanza ulinitii, na ilikuwa siku nisiyotaka unitii.

Mgongo ulikufa ganzi. Sisimizi walinipanda shingoni wakashuka upande wa pili. Sijui ilikuwa muda gani, nyimbo nne na hubiri zima, ndipo nikasikia viatu.

"Mungu wangu," akasema mwalimu wa bayolojia. Anaishi kwenye nyumba za walimu, na alikuja kubandika maelezo ukutani. Akachuchumaa, akanichungulia katikati ya mbavu. "Mzee, umeumia?"

"Sijaumia. Inua huku."

Akaweka vitabu chini, akashika mkia, akavuta hadi jasho likamtoka. "Ni kilo ngapi hizi?"

"Mimi au nyangumi?"

Hakucheka. "Naenda kuita watu kanisani."

"Usiende!"

"Kwa nini?"

Akaangalia gunia, akaona mguu mmoja uliofungwa na mwingine ulioanguka karibu na sikio langu. Akaketi sakafuni.

"Mzee, ile karatasi uliisoma?"

"Miwani..."

"Nimekuuliza kama uliisoma."

Kuna mahali mtu anafika hana upande wa kugeukia, na mimi nilikuwa hapo kwa mwili. "Sikuisoma," nikasema. "Sina miwani. Sijawahi kuwa na miwani. Kiingereza sijui kusoma."

Nilingoja acheke. Alinyoosha mkono katikati ya mbavu, akatoa karatasi mfukoni mwangu, akaikunjua, akaanza kunisomea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesomea mgonjwa hospitalini. Kwamba mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa nchi kavu, wenye miguu minne. Kwamba walizoea maji kidogo kidogo.

"Zamani gani?" nikauliza.

"Mamilioni ya miaka."

"Ya miaka mimi na kanisa langu tutaongea wenyewe. Niambie ya miguu."

"Miguu ikaendelea kuwa midogo. Huyu wako alikuwa bado anayo, lakini haikuweza kumbeba. Hakuweza tena kurudi nchi kavu."

Nikaangalia mawe yaliyokuwa juu ya pua yangu. "Sasa akafanya nini?"

"Akaogelea," akasema mwalimu.

Kisha akaenda maabara, akarudi na msumeno wa chuma. Alisema atakata mbavu mbili za kushoto nibingirike nje. Nikasema kata. Zilikuwa kazi nzuri, mbavu zile. Kila alipovuta, meno yangu yalitetemeka. Ubavu wa kwanza ukakatika na blade ikakatika nao. Akaweka nyingine. Kule kanisani wakaanza wimbo wa kufunga.

"Haraka, mwalimu."

"Nani aliweka nondo nene hivi?"

"Kata, mama, kata."

Blade ya pili ilipasuka ubavu ukiwa umebaki uzi tu. Nikausukuma kwa goti ukakatika, nikabingirika nje, mweupe kwa vumbi la mawe kama mtu aliyefufuka. Nilisimama nikishika ukuta, na hapo mlinzi akaingia na Biblia yake kwapani.

"Mwenyekiti! Umerudi kutoka Gesima?"

"Nimerudi."

"Mgonjwa anaendeleaje? Mama alituambia, tumemwombea kanisa zima. Tulisimama."

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Mlinzi alipoenda langoni, mwalimu alinisaidia kufunga mguu wa pili na kurudisha nguzo, safari hii nyuma kidogo ya miguu. Akaniambia wanaochimba mifupa ya kweli hukuta mingine haipo, kwa hiyo nikiulizwa kuhusu lile pengo nina jibu. "Na mengine sitasema mimi," akaongeza. "Ni yako."

Usiku kucha lile jibu nililifanyia mazoezi. Lilikuwa jibu zuri. Jumapili wazazi walijaa hadi nje, na mgeni wa heshima alipofika ubavuni akauliza mbavu mbili zilienda wapi. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, mchungaji wetu akasema kutoka mstari wa mbele, kwa upole, "Na kwanza, mzee, tupe habari za mgonjwa wetu."

Nikamwona mke wangu akiangalia viatu vyake. Yeye ndiye aliyewasimamisha watu wamwombee mtu ambaye hayupo, kwa neno langu.

"Mgonjwa mliyemwombea jana ni mimi," nikasema. "Nilikuwa humu ndani."

Nikawaeleza yote, na karatasi, na miwani. Mama mmoja akaanza kucheka, halafu jengo zima, na mgeni akaegemea nguzo. Mwalimu peke yake hakucheka. Fundi wangu alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni.

Kanisa liliniondoa uzee kwa miezi mitatu, nikakaa benchi la nyuma na wale vijana, pamoja na yule wa ndizi. Alinisogezea nafasi. Siku za Jumanne mimi huenda kwa mwalimu saa kumi, tunasoma Kiingereza mstari kwa mstari. Ni mkali. Mbavu nilitaka kuzirudisha, lakini mwalimu mkuu alikataa, maana watoto wamelipenda pengo lile, wanapita humo kuingia tumboni na kutoka. Wote wanapita bila shida.

Kwa hiyo mambo yote hayo, ukiniuliza yalinigharimu pesa ngapi, jibu ninalo. Siku ile ya Jumapili, watu wakiondoka, mwalimu alinifuata langoni.

"Mzee, zile blade za msumeno ni mali ya maabara."

Nikatoa pochi. Zilikuwa mbili, tisini kila moja. Shilingi mia moja na themanini.