Sehemu ya Tatu, Bila Kimbaumbau

Filamu ile ya tatu ilikuwa mbovu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu bado wapo watu wa Kilosa wanaobisha kwamba filamu haikuwa na kasoro, ila sisi ndio tulikuwa tumezichoka. Mimi nilikuwemo ukumbini, nimekaa kati ya baba na mama, na sikuwa nimechoka chochote. Ilikuwa mbovu.

Mbili za mwanzo zilituvunja mbavu. Dereva mmoja mnene na utingo wake mwembamba, wamebanana ndani ya kigari kama kopo la samli, wanakimbizwa na polisi tangu mwanzo hadi mwisho. Wanapita sokoni na kumwaga matunda, wanapita katikati ya harusi ya watu, wanaruka daraja lililokatika. Majina yao ya kizungu hatukuyashika. Sisi tuliwaita Tipwatipwa na Kimbaumbau, na aliyewabatiza hivyo alikuwa karani wa stesheni, ambaye kila inapoletwa filamu alisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, akatufasiria. Nasema kufasiri, lakini nusu ya maneno alitunga mwenyewe. Ukimpigia kelele za swali ilikuwa lazima akujibu, na asipojibu hatukumwacha.

Sasa, baba yangu alikuwa dereva wa lori la ushirika, na alikuwa mnene. Utingo wake alikuwa mdogo wake mama, mjomba wangu, mtu mrefu, mkavu, mwili wote miguu. Mji mzima ulishaona. Lori likiingia sokoni na pamba, watoto walilikimbilia wakiimba majina yale, na wale wawili hawakukasirika hata kidogo. Baba alikuwa akipiga honi. Mjomba alikuwa akining'inia mlangoni na kujifanya anaanguka.

Ajali ilitokea barabara ya Mikumi, mchana kweupe, lori likiwa tupu linarudi. Baba aliwaambia wakubwa wa ushirika kwamba nyati walikatiza barabara, na ni kweli walikatiza. Ambalo hakulisema, na ambalo mama aliambiwa na mdogo wake hospitalini, ni kwamba kabla ya nyati wale wawili walikuwa wanaigiza filamu. Baba alikuwa akilipeleka lori huku na huku kwenye lami mpya, mjomba akipiga kelele za polisi kwa mdomo, wote wawili hoi kwa kicheko. Nyati walipotokea, lori lilikuwa tayari limeshainamia upande. Lilianguka ubavu. Baba alitoka na mchubuko kwenye kiwiko. Mguu wa mjomba ulikatwa juu ya goti.

Baba hakwenda kumwona. Mvua za vuli zilipita, za masika zikaja, mjomba akatoka hospitali akarudi chumbani kwake ng'ambo ya reli, na baba hakuvuka reli. Aliomba kazi ya ghalani, akaacha kuendesha. Jina la mjomba likitajwa wakati wa kula, alinawa mikono. Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nafundisha kisomo cha watu wazima jioni, na nilimwona baba ananiudhi kuliko mwanafunzi yeyote mkaidi. Mtu mzima unaogopaje kusema pole?

Mama hakuwa mtu wa makelele. Alimwambia mara moja tu, mbele yangu, huku akipepeta mchele: "Nyumba ambayo mdogo wangu haulizwi hali, mimi siwezi kuendelea kulala humo. Ukivunwa mpunga naondoka." Mpunga ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa. Nilikuwa nautazama kila nikipita, nikihesabu siku.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu. Baba hakutaka kwenda. Lakini asingeonekana ukumbini, siku ambayo hata mwenyekiti wa tawi la chama angekuwepo, watu wangejua sababu. Kwa hiyo akavaa shati lake jeupe, tukaenda, Jumapili alasiri. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya mkonge ili kuwe na giza. Joto lilikuwa la kupikia ugali. Mlango ulikuwa mmoja.

Kwanza tulioneshwa filamu ya serikali, ya watu wanachimba kisima wakiwa wamevaa nguo safi kupita kiasi. Taa zilipozimwa kwa ajili ya filamu yenyewe, mlango ulifunguliwa tena kidogo, mwanga ukaingia, na watu wa benchi la mwisho wakasogeana kumpisha mtu. Niligeuka. Alikuwa mjomba, na magongo yake mawili. Baba naye aligeuka. Alitaka kutoka, nilijua, maana alishainua makalio; lakini kutoka ni kupita mlangoni, na mlangoni kumekaa mtu. Akakaa tena.

Filamu ikaanza, na ikawa takataka. Kigari chetu hakikuwepo. Palikuwa na gari refu linalong'aa, Tipwatipwa kavaa suti, kazi yake kuingia ofisi hii na kutoka ofisi ile akizungumza na mabwana wenye sigara. Hakimbizwi na mtu. Mkalimani alijitahidi, akatunga, akachoka. Halafu watu wakaanza kugundua kilichopungua. Sauti moja ikatoka gizani: "Mwenzake yuko wapi?"

"Subirini, anakuja," akasema mkalimani.

Hakuja. Sauti zikaongezeka, kina mama na watoto, ukumbi mzima sasa, wakipiga miguu sakafuni kwa pamoja: "Mwenzake yuko wapi? Mwenzake yuko wapi?" Wengi hawakuwa na nia mbaya, walitaka filamu yao. Lakini kila walipopiga mguu nilimhisi baba akidunda kando yangu. Nilimshika mkono.

Mkanda wa kwanza ukaisha, taa ikawashwa ili wabadilishe. Kelele hazikukoma. Yule mkalimani, lazima niseme, alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu. Watu wa kwetu wanajua mtani ana ruhusa gani. Mtani anaweza kulala kaburini mwako na kudai alipwe ndipo uzikwe, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye aibu. Akatazama benchi la mwisho. Akatazama letu. Akainua kipaza sauti.

"Mnamtafuta Kimbaumbau? Si yule pale mlangoni! Alivunjikia kwenye gari la mwenzake. Na huyo mwenzake kajikunyata nyumbani kama kuku mwenye mdondo, hata pole hajampa."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa tawi alitazama viatu vyake. Baba akasimama, ngumi zimekunjwa, na kwa kitambo nilidhani atamrukia mtani wake mbele ya mji, jambo ambalo asingeweza kulifuta tena maisha yake yote. Mama hakumzuia. Alikuwa ameukunja ukingo wa kanga yake mkononi na kuukaza.

Baba akageuka, akaanza kuelekea mlangoni. Watu walivuta magoti kumpisha. Nilijisemea, anaondoka, na mpunga tutavuna wiki hii, na mama naye anaondoka, na nikamchukia kabisa.

Alipofika benchi la mwisho, mjomba alimtangulia. Yeye ndiye mdogo, na adabu ni adabu.

"Shikamoo, shemeji."

Baba hakuitikia. Alisimama mbele yake, mdomo wazi, shikamoo imeachwa hewani mbele ya watu wote, na hakuna kitu kibaya kwetu kama hicho. Mtu mmoja akaguna. Mwishowe baba akasema, kwa sauti ndogo ambayo tuliisikia wote:

"Niliogopa kuuona mguu wako."

"Mguu wenyewe haupo, shemeji," mjomba akasema. "Ulikuwa unaogopa kuona nini?"

Baba akapiga magoti kwenye saruji, na shati lake jeupe, akakishika kile kipande kilichobaki kwa mikono yake miwili, akakiinamia. Ndipo akaitikia.

"Marahaba."