Taa Zote ni za Kijani

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa Biharamulo, nimepiga magoti nyuma ya kompyuta ya ofisi moja, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Mama ameanguka mgombani, ila hajambo."

Ukisikia "ila hajambo" katika familia yetu, usimalizie kazi uliyonayo. Sisi wa Keza tunaanza na uzima. Mtu atakuambia nyumbani ni wazima, watoto wazima, mvua nzuri, na mkishamaliza hayo yote ndipo ataongeza kwamba nyumba imeungua. Nilimuuliza kaka wamempelekaje hospitali.

"Kwa pikipiki."

"Amekaaje?"

"Mshikaki. Mimi nyuma, namshikilia."

Mwanamke ameteleza na mkungu wa ndizi kichwani, ameangukia mgongo, nao wakamkalisha katikati ya wanaume wawili juu ya barabara ile ya mawe! Nilimtukana kaka yangu mkubwa kwa mara ya kwanza maishani, nikakata simu, nikaenda kutafuta gari.

Hospitali yenyewe ni ndogo, ya masista, upande wa Murusagamba, na jina lake nitaliacha. Mimi ndiye ninayezitazama kompyuta zao nikipita. Wana mashine ya eksirei lakini hawana daktari wa mifupa, kwa hiyo picha hutumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa aliye mbali mjini, naye husema mgonjwa asafirishwe au asisogezwe kabisa. Siku hiyo mgonjwa alikuwa mama yangu. Tabibu alitaka kujua jambo moja tu: amlaze pale pale, au ampakie kwenye gari la wagonjwa sasa hivi. Akikosea, mama hatatembea tena. Na mtandao ulikuwa umekatika.

Haukupaswa kukatika. Kompyuta zote za pale zinajua mlango mmoja wa kutokea nje, na mlango huo ni anwani ambayo ruta mbili zinapokezana. Ruta kubwa, yenye njia ya dishi la juu ya paa, ndiyo huishika anwani hiyo, na kila mara humwambia mwenzake: nipo. Ruta ndogo, yenye laini ya simu na antena kwenye mlingoti mrefu, kazi yake ni kusikiliza. Ikikosa kusikia "nipo", inaichukua anwani yenyewe, bila mtu kugusa kitu.

Siku ya makabidhiano, fundi wa kampuni iliyozifunga alichomoa waya wa umeme wa ruta kubwa mbele yetu sote. Ndogo ilishika kazi kabla hata video kwenye kompyuta ya sista mkuu haijakwama. Tulipiga makofi, tukanywa soda. Huku kwetu mtandao ukisumbua, wa kwanza kulaumiwa ni umeme, na sidhani kuna aliyemfikiria adui mwingine. Ndiyo maana ruta zote mbili zilipewa sola na betri kubwa, zikafungiwa kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa na kufuli.

Mama alipoanguka, upepo wa mvua ile ile ulilipindua dishi. Umeme ulikuwepo. Ruta kubwa ilibaki imewaka vizuri, haina njia ya kwenda popote, na bado inasema nipo, nipo, nipo. Ndogo, ambayo njia yake ilikuwa nzima, iliendelea kunyamaza kwa adabu.

Nesi nilimpata hewani gari letu liliposimama Nyakahura. Pale hospitali simu hushika kwenye kilima nyuma ya jiko tu, naye alikuwa amepanda huko.

"Dada, taa zote ni za kijani," aliniambia.

"Chomoa ile kubwa."

"Kabati lina kufuli. Ufunguo anao mhasibu, ameenda kuzika ukweni. Simu yake haipatikani. Yeye na sista mkuu wako gari moja."

"Zimeni umeme wa jengo lote."

"Tumezima. Betri inaendelea."

"Basi vunjeni kufuli!"

"Dada, na nani atasema amevunja yeye?"

Nilimwelewa, na kumwelewa kulinitia hasira zaidi. Kwetu mtu akiwa msibani, kitu chake hakiguswi. Ukivunja kufuli lake wakati anazika, utaulizwa mpaka uzeeni ulikuwa unatafuta nini. Aliniambia pia kwamba tabibu mwenyewe alishaipiga picha eksirei kwa simu yake, akapanda kilimani, akaituma kwa shida, na daktari bingwa akajibu kwamba hapo haoni kitu. Kisha simu ya nesi ikakatika.

Njia iliyobaki sitaki kuikumbuka vizuri. Nilisali, nikakasirika, nikaacha kusali. Nililia waziwazi mbele ya watu wazima, mpaka mama mmoja Msukuma aliyekuwa akirudi shambani kwake akanipa upande wa kanga yake nijifute. Nilikuwa najua kila kitu kilichomo ndani ya kabati lile, najua hata waya wa kuchomoa ni wa rangi gani, na ujuzi wote huo ulikuwa umekaa kwenye kiti cha gari, hauna mkono.

Nilifika jua limeshaelekea upande wa Burundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Unajisikiaje?"

"Sijambo. Ni mgongo tu kidogo. Nenda kafanye kazi yako, naona wanakusubiri."

Nilichukua nyundo ya fundi wa jengo nikaligonga lile kufuli mpaka likaachia. Watu walijaa mlangoni, hakuna aliyenizuia wala aliyenisaidia. Nikachomoa waya. Ruta kubwa ikanyamaza, ndogo ikaichukua anwani, na kutoka chumba cha pili nikamsikia nesi akipiga kelele: "Inaenda! Picha inaenda!" Niliketi sakafuni nikacheka peke yangu. Niliamini tumeshinda.

Daktari bingwa alionekana kwenye kioo cha kompyuta, uso umechoka. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Miguu anaihisi?"

"Alipoletwa alisema hajambo," tabibu akajibu.

"Sijauliza alisema nini. Mchomeni, asiangalie."

Tabibu alichukua sindano akachoma unyayo. Akachoma kisigino. Akachoma chini ya goti. Mama alikuwa anaangalia dari, uso umetulia kabisa, anasubiri waanze.

Nilimwinamia. "Mama, miguu imeacha kuhisi tangu lini?"

"Tangu kwenye pikipiki, walipopita lile daraja bovu."

"Mbona ulisema hujambo?"

Alinishangaa kweli. "Ningesemaje, mwanangu? Walinisalimia."

Walimlaza juu ya ubao, wakamfunga asitikisike, wakaondoka naye. Alifanyiwa upasuaji Mwanza. Daktari wa kule hakunificha: angefika mapema zaidi, yangekuwa mengine.

Kaka alibaki naye wodini, mimi nikarudi kwenye lile kabati. Niliipangia upya ruta kubwa. Isijitangaze tu kwa kuwa inawaka. Iwe inapiga hodi kwa mashine iliyo mbali, nje kabisa ya mkoa, na isipoitikiwa mara kadhaa mfululizo, ijishushe yenyewe na kumwachia mwenzake anwani. Kujaribu, sikugusa umeme. Nilipanda paani nikachomoa waya wa dishi, nikashuka, nikakuta ndogo imeshika kazi. Hakuna aliyepiga makofi. Mhasibu, ambaye hajanisemesha tangu kufuli lake, alipita akaangalia pembeni. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, ya kufanywa na chai ikiwa mezani, na kila nikiikumbuka naumia upya.

Mama sasa anaishi kwa kaka, kwenye kiti cha magurudumu kisichoweza kupita mgombani. Nikimpigia simuulizi hali. Namuuliza amegeuzwa mara ya mwisho lini, kidonda cha kiunoni kimekauka, na nani amekiangalia kwa macho yake.

Hilo linamkera sana. "Wewe mtoto huna adabu siku hizi," anasema. "Hata kusalimia umeacha."

Basi namwamkia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sisi huku ni wazima kabisa."

Nami naomba simu apewe wifi.