Trekta Lililooshwa Mno

Bi Pipa aliliuza trekta lake kwa hiari, akili zake timamu, na kwa bei aliyoitaja yeye. Hilo ndilo lililomuudhi. Angedhulumiwa, angepata wa kumlaumu. Lakini biashara ilikuwa nzuri: mwaka wa kumi na moja sasa duka lake la mafuta ya mitambo limesimama njia panda, mapipa sita ukutani, pampu ya mkono, na wateja waliompa jina la mapipa yake. Kiuno kilichokuwa kikimsumbua enzi za kulimia watu mashamba kilipona. Kila kitu kilikwenda kama alivyopanga, isipokuwa masikio. Trekta likija barabarani alilisikia kabla halijafika kona, akamwacha mteja ameshika galoni.

"Gia ya tatu," alijisemea. "Sasa anaingiza ya nne, na ataikwaruza."

Na Mwalimu, mstaafu aliyelinunua, aliikwaruza kweli.

Asubuhi moja Mwalimu alikuja dukani kwa miguu, mkononi chupa ya jamu. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Bi Pipa, haya yametoka kwenye giaboksi. Fundi kaniambia imekwisha, gia zimesagana. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu, anakuja mchana na lori."

Bi Pipa akaigeuza chupa kwenye mwanga. Gia zikisagana, mafuta humetameta kwa unga wa chuma. Haya hayakumeta hata chembe. Yalikuwa yamekorogeka na maji, basi.

Mtu wa vyuma hununua kwa uzito. Ilitosha kusema, "Pole, Mwalimu, nipe mimi, nitamzidi kidogo, nikang'oe vipuri," na kabla ya jua kuzama trekta lingelala nyuma ya duka. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini.

"Twende nikalione," akasema. Akachukua spana, kitambaa na beseni.

Trekta lilisimama uani kwa Mwalimu, linang'aa kuliko siku alipoliuza.

"Umelipaka rangi?"

"Wala. Naliosha. Kila wiki, kwa mpira wa maji, juu hadi chini."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, akadakia: "Muulize mimi aliniangalia vizuri hivyo lini!"

"Wewe huingii kutu," Mwalimu akajibu.

Bi Pipa alicheka nusu. Kiganja chake kilikuwa kimeshatua kwenye kiti, bila yeye kukituma.

Akahakikisha limesimama mahali tambarare. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta, akakitumbukiza, akakichomoa tena. Mafuta yalipita alama ya juu kwa vidole viwili.

"Uliongeza?"

"Hata tone."

"Basi yamezaa humo ndani."

Akapiga goti, akasukuma beseni chini ya giaboksi, akalegeza boliti ya kumwagia kidogo tu. Trekta lilikuwa halijawashwa siku mbili, kwa hiyo kilichotuama chini kilitoka kwanza: maji, tena mengi. Halafu ikafuata ile chai. Akaikaza boliti, akasugua matone kati ya kidole na gumba. Laini. Hakuna mchanga, hakuna chuma.

Akapanda kwenye kiti. Ule mpira unaofunika shina la mkono wa gia ulikuwa umepasuka, kama alivyouacha.

"Hapa palikuwa na kipande cha tyubu, nilikifunga kwa waya."

"Kile kitambara cheusi? Nilikitoa zamani. Kilikuwa kinaliharibia sura."

Mkewe alikuwa amerudi kwenye kamba yake, Mwalimu anaitazama barabara. Hakuna aliyejua kwamba giaboksi ni nzima isipokuwa Bi Pipa. Akapiga hesabu zake haraka. Akilinunua kwa bei ya vyuma na wiki ijayo akalima nalo, bonde zima litajua alimficha Mwalimu, wateja watanuna. Kwa muda gani? Miaka miwili, akakadiria. Miaka miwili angeivumilia. Basi lililomzuia halikuwa hilo.

Akainama kutazama chini ya madigadi, mahali pasipoonekana na mtu. Palikuwa pamesuguliwa. Hata vichwa vya nati vilikuwa vimesuguliwa, kimoja kimoja.

"Mwambie mtu wa lori asije," akasema, na sauti ikatoka kavu kuliko alivyotaka. "Giaboksi ni nzima. Maji umeyajaza mwenyewe, kwa usafi wako. Yanaingilia hapa kwenye gia."

Mwalimu akatazama shina la gia, akatazama mpira wake wa maji ukutani, akakaa juu ya ndoo. Mkewe ndiye aliyecheka, mpaka nguo ikamdondoka.

"Sasa niuzie," Bi Pipa akasema. "Bei ya trekta zima."

"Ungenyamaza, leo hii ungelipata kwa bei ya vyuma."

"Najua."

Mwalimu akainuka kwenye ndoo. "Siuzi, mama."

"Hilo nalo najua." Akafuta mikono, kidole baada ya kidole. "Haya mafuta yatolewe yote leo. Ila yakiwa baridi yanaganda na uchafu wake humo ndani. Lazima yapate moto kwanza. Mtu alizungushe trekta kidogo, polepole."

Mwalimu akanyoosha mkono kwenye usukani, kisha akaurudisha.

"Lizungushe wewe."

Liliwaka mara ya pili. Bi Pipa akaingiza gia ya kwanza, ya pili, kimya kama kisu kwenye siagi, akatoka nalo uani akaambaa na ukingo wa shamba. Dakika kumi zinatosha. Muuza mafuta yeyote anajua hivyo. Alipopita mara ya tatu Mwalimu alikuwa amesimama kando ya beseni, anapunga spana.

"Bi Pipa! Bado hayajapata moto?"

Akainama, akaweka kiganja juu ya chuma cha giaboksi. Kikamchoma, akaondoa mkono.

"Bado!" akapaza sauti, akakata usukani kuelekea mwisho wa shamba.