Machweo Yaliyougua

Watu walimwita Kidevu Juu, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyeketi mbele ya kamera yake kupigwa picha ya pasipoti. Nyuso za nusu ya mji zilikuwa zimepita katika studio yake ndogo, lakini hakuna aliyewahi kutundika ukutani kazi ya mikono yake. Nani atundike pasipoti? Kwa hiyo daktari wa meno wa ghorofa ya chini alipomwomba picha kubwa ya machweo ya pwani kwa ajili ya chumba cha kusubiri, alipanda ngazi mbili mbili kama kijana aliyekubaliwa posa.

"Lakini iwe ya kweli," daktari alikuwa amesisitiza. "Sitaki yale mawingu yenye rangi ya soda. Wagonjwa wangu wana hofu ya kutosha. Ikinishawishi, inakaa. Isiponishawishi, nitatundika kalenda."

Sharti hilo lilimfurahisha, maana kupamba kupita kiasi alikuogopa kama wengine wanavyoogopa mbwa. Alishinda ufukweni na mkewe jioni kadhaa, akiubana mwanga kidogo ili jua lisigeuke tundu jeupe, kisha akaketi studio kuhariri. Akiona wekundu umezidi, anaupunguza. Anarudi nyuma, anakodoa, bado umezidi. Anapunguza tena.

Picha ilipotoka kwa mchapaji, mkewe aliishika nje mlangoni, akainamisha kichwa upande huu, akakihamishia upande ule.

"Baba watoto, hili jua limelazwa wodi gani?"

"Usianze."

"Sianzi, nauliza tu. Na bahari hii mbona kama dawa ya kusukutulia?"

Alicheka hadi akaingia studio na kujishika ukutani. Ukuta huo mke alikuwa ameupaka mwenyewe hivi karibuni, kijani kikali cha kasuku, ili studio ichangamke. Kidevu Juu hakucheka. Keshokutwa picha ilitakiwa kutundikwa, na cha ajabu, kwenye kompyuta jua lilikuwa zima kabisa!

"Labda mchapaji kakosea," alisema, akijua fika kwamba mchapaji hakosei.

Chaji ya kompyuta ilikuwa inaisha, na soketi pekee iliyokuwa nzima ilikuwa stoo. Mke akaibeba kompyuta mpakato huko, kwenye kuta za saruji ambazo hazijawahi kuonja rangi. Mara akapiga ukelele.

"Njoo! Na humu limeugua!"

Kidevu Juu akaenda mbio. Kweli, jua lilikuwa kama kitunguu kilichomenywa. Akaikwapua kompyuta, akakimbilia studio: limepona. Akarudi stoo: hoi. Safari ya tatu mke alikuwa akimkimbiza nyuma, kashika waya wa chaji, wote wawili wakihema na kucheka kama watoto waliofungiwa nje na mvua.

"Ni ukuta wako!" Kidevu Juu alipiga kelele. "Macho yakishiba kijani, kila kitu kingine yanakiona chekundu. Nimekuwa nikilitoa jua damu bure!"

"Basi mrudishie mwenyewe, muuaji we."

Wakajibana stoo, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, mke juu ya gunia la saruji. Aliurudisha wekundu taratibu, akaacha vivuli vibaki vivuli.

"Mawingu ya juu yalikuwa na rangi gani hasa?" alimuuliza mkewe.

"Kama kidole kilichobanwa mlangoni."

"Kilichobanwa leo?"

"Juzi. Zambarau inayoanza kusahau."

Kidevu Juu alimtazama mkewe kwa mshangao, akasogeza rangi kidogo sana. Sasa yalikuwa machweo yenyewe.

Mchapaji aliichapa upya, na asubuhi ya kutundikwa Kidevu Juu alijipenyeza katika chumba cha kusubiri akijishika shavu, mgonjwa wa uongo, ili asikie watu watasema nini. Wagonjwa waliinua macho ukutani. Walitazama. Jamaa mmoja mwenye mabega kama kabati aliikazia macho picha, akashusha pumzi, kisha akasimama.

"Daktari, naona giza linaingia. Acha niwahi nyumbani, nitarudi kesho."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba kizima kikaangua kicheko, na daktari akachungulia mlangoni, akaitazama picha, akamtazama jamaa anayetoroka.

"Itanifukuzia wateja," alisema. "Lakini inakaa."

Kidevu Juu akasahau shavu, akasahau uongo wake, akacheka kinywa wazi hadi koo likaonekana. Daktari akainama, akakunja uso.

"Usifunge! Hilo la nyuma limeoza tangu lini?"

Akaingia kung'olewa jino akiwa bado anacheka.