Albamu za Laiti

Kwa kazi alikuwa fundi miwani, na fundi kwelikweli: miaka ishirini na sita akisaga vioo kwenye chumba cha nyuma cha duka, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Kwa ugonjwa, maana mumewe hakuwa na jina jingine la kuuita, alikuwa mtunga albamu ambazo hazikuwahi kutoka.

Bendi ya roki aliyoipenda ilitoa albamu tatu tu, ikavunjika, na mwimbaji wake akafariki miezi minane baadaye. Wewe na mimi tungesikitika, yakaisha. Yeye, wapi! Alikusanya nyimbo ambazo kila mwanabendi alirekodi kivyake baadaye, na zile za jukwaani zilizonaswa na washabiki, akazipanga upya, akachora na jalada, eti hii ndiyo albamu ya nne, laiti wangeendelea. Hii ya tano, laiti mwimbaji asingekufa. Alikuwa amefika ya kumi na moja. Washabiki wenzake walibadilishana naye kwa posta, wakigombania wimbo upi ufungue upande wa pili, utadhani wanagawana urithi.

Siku moja mzee mmoja aliyekuja kupima macho alisimama mbele ya jalada lililoning'inia dukani, akasogeza uso karibu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Hii tulirekodi lini?"

"Hamkurekodi, mzee," fundi alijibu. "Shikamoo."

Alikuwa mpiga dramu mwenyewe, mdogo wa marehemu mwimbaji. Alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata akamletea kopo la bati lenye utepe wa mazoezi yao ya mwisho, nakala pekee duniani. "Mashine yangu ya kuupigia ilikufa zamani. Nisafishie, nami niusikie kabla sijafa. Nitakuja nyumbani kwako Jumapili."

Akausafisha, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kusafisha, kwa washabiki wa aina yake, ni kuondoa kila kisicho muziki: kikohozi, kiti kilichokwaruza sakafu, porojo za kati ya nyimbo. Alikata utepe wenyewe kwa wembe, akaunga ncha zake, nyimbo nne zikatoka bila doa. Vipande akavisukumia kwenye mfuko wa taka.

Jumamosi asubuhi mzee akapiga simu. "Nyimbo usijisumbue nazo, mwanangu, nazijua hata usingizini. Mimi namtaka kaka akiongea. Sina sauti yake nyingine ya kuongea."

Simu ilipokatika, fundi akakaa sakafuni. Akamweleza mumewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwambie mashine imeula utepe," mumewe akasema. Huyu ni fundi bomba, na dawa yake ya kila kitu ni kusingizia mashine.

"Nimdanganye mzee wa watu juu ya marehemu wake?"

"Basi mwambie ukweli."

"Naogopa!" akapiga kelele, mpaka mume akaacha utani wake, akautafuta ule mfuko na kuumwaga juu ya gazeti sebuleni.

Vipande thelathini na nane, vimegandana na majani ya chai. Havina alama, havina kichwa wala miguu. Alivifuta, akavipitisha kimoja kimoja kwenye mashine ili ajue upande upi ni mbele. Vingi vilikuwa mizaha na vicheko vya mwimbaji. "Dogo, umesinzia kwenye dramu?" Kimoja kilimtia baridi. Ni sauti ileile, lakini kavu: "Toka. Sitaki kukuona tena maisha yangu yote." Halafu mlango ukabamizwa.

Hiki kinakaa wapi? Alijiambia waligombana mapema, wakapatana, ndiyo maana vicheko ni vingi namna hii. Ilimwingia akilini kabisa. Akakiunga kikawa cha kwanza. Vingine akavifuatisha kwa kubahatisha.

Jumapili saa nne mzee alifika, shati limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa. Fundi alishindwa kumtazama usoni.

"Mzee, kuna jambo..."

"Weka kwanza," mzee akasema, na fundi akawasha mashine.

Toka. Sitaki kukuona tena. Mlango. Mzee alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Kikaja kicheko. Dogo, umesinzia? Ikaja mizaha juu ya viatu vya mtu fulani, kicheko tena, na mwisho kabisa ile sauti ikasema, imechoka kidogo: "Haya, dogo. Twende tukale." Utepe ukaisha, ukawa unapigapiga.

Fundi akazima mashine.

"Vipande hivi nilivikata," akasema, machozi yakamtoka. "Nikavitupa. Kisha nikaviunga mwenyewe, mpangilio siujui. Nisamehe, baba."

"Ule mlango ndio ulikuwa mwisho," mzee alisema taratibu. "Niliubamiza mimi. Sikumwona tena mpaka yuko kwenye jeneza." Aliinuka, macho mekundu, na fundi akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. "Nani alikupa ruhusa ya kutupatanisha?"

"Naweza kukirudisha kipande hicho mwisho! Nipe nusu saa tu, wembe ninao hapa."

Mzee akaweka kiganja juu ya mashine.

"Ukikigusa, utanitambua," akasema. "Haya, anza tena."