Maiti Iliyopiga Chafya

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi meupe yakapotea madukani, tukaletewa yale ya meli, ambayo watu walisema hata ng'ombe wa wazungu waliyakataa. Ugali wake ulikuwa na rangi ya sabuni ya kufulia na harufu ya gunia. Tulikula na omena, vile visamaki vya kukaushwa.

Wajukuu wangu, na ninao saba, wote wana vichwa vyepesi kuliko changu, huniuliza: "Shosho, hivyo vichekesho vya zamani mlikuwa mnacheka nini? Si ni ujinga tu?"

Ni ujinga. Utamu wake ulikuwa hapo hapo.

Tulikaa jijini, mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, chumba kimoja cha udongo, mimi, bwana yangu fundi wa mbao, na msichana wetu wa miaka mitano. Nilikuwa nafua nguo mtaa jirani wa Ayany kwa mama mmoja aliyekuwa na stima na televisheni. Jumamosi jioni, nikishamaliza kuanua, aliniruhusu kukaa sakafuni na mtoto tuone vichekesho. Kulikuwa na mzee mnene ambaye tumbo lake lilikuwa mto wa kulalia. Tuliuona, kona yake ilikuwa inachungulia kwa shati. Ndevu zake zilikuwa makaa. Mtu akigonga mlango, ukuta mzima unatikisika, kwa maana ulikuwa wa kadibodi.

Siku moja huyo mzee akafa. Akalazwa, uso umepakwa unga, pamba puani. Ndugu zake wakamlilia wakiwa wameshika vitunguu mkononi, hata hawakuvificha. Halafu maiti ikapiga chafya. Pamba ikaruka, unga ukajaa nyumba, maiti ikaketi, ikakodoa macho na kuuliza, "Nani amekula nyama yangu?"

Nilicheka mpaka mwenye nyumba akaniambia, "Pole pole, mama, utakufa wewe."

Kwangu mimi kucheka maiti halikuwa jambo dogo. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na nusu aliposhikwa na homa. Mama mkwe alikuja, akasema mtoto anataka hewa ya nyumbani, akambeba. Nilikubali kwa sababu nilikuwa mke mgeni, na mke mgeni hujibu "ndiyo, mama." Wiki ya tatu barua ikafika. Nilipofika mimi, kaburi lilikuwa limeanza kuota nyasi. Sikuona uso wake. Kifo nilichokijua kilikuja kimya kikajifunika. Hiki cha Ayany kilikuwa na mto unaochungulia, na kilipiga chafya. Nusu saa ile pale sakafuni, sikuogopa kitu.

Msichana wangu naye aliupenda mchezo. Asubuhi moja nilienda kuchota maji, nikamwacha mlangoni. Akachota konzi ya ule unga wa njano, akajipaka uso. Akachomoa pamba kwenye godoro, akaziba pua. Akajilaza kwenye mkeka, mikono kifuani, anangoja nirudi anichekeshe.

Aliyeingia hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe, ametoka kwa basi la kutoka nyumbani, kuku kwapani.

Akapiga nduru. Kwetu nduru ya msiba haifanani na nyingine. Ukiisikia, unaacha sufuria motoni. Ploti nzima ikatoka, kila chumba. Kabla mtu hajauliza lolote, wanawake wanne walikuwa wanalia mlangoni pangu, mikono kichwani. Mimi nilikuwa nakuja na ndoo. Niliona watu, nikasikia sauti ile, nikajua ni wa pili. Sijui ndoo ilianguka wapi. Niliwasukuma watu, nikaingia, nikapiga magoti.

Mtoto akapiga chafya.

Akaketi, macho ameyakodoa, uso wa njano kama ndizi. "Nani amekula nyama yangu?"

Jirani yangu muuza omena alikaa chini kwa kicheko. "Woi! Maiti za mwaka huu zina njaa! Mama mkwe, mpe huyo kuku haraka!"

Watu walicheka huku machozi ya msiba hayajakauka. Mama mkwe hakucheka.

"Nimemlilia mtoto aliye hai," akasema. "Kilio kikishatoka hakirudi mikono mitupu. Lazima aende nyumbani, anyolewe, kuku achinjwe, kabla hakijamtafuta."

"Mama, ulikuwa mchezo wa televisheni."

"Televisheni haina makaburi. Sisi tunayo."

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa.

Nilimkimbiza zahanati, wakampa dawa chungu za malaria. Usinione jasiri. Mimi ni wa kule kule, nimekua nikiambiwa habari za kilio kisicho na mwenyewe, na niliamini. Kila alipokohoa, nilisikia nduru ile tena. Nilimgusa pua kuona kama anapumua. Niliangalia kile kichwa kidogo kwenye mkeka ule ule na kile kicheko changu cha Ayany kikanirudia kama matapishi.

Mama mkwe alifunga kifurushi cha nguo za mtoto. Bwana yangu akamwita kaka yake mkubwa kutoka Kawangware 46 aje anisemeshe.

"Shemeji," akasema yule, "wewe utashindana na wazee?"

"Mpe tu mama mtoto," bwana yangu akasema, hanitazami. "Kama ni uongo, atarudi."

"Wa kwanza alirudi?"

Nilikaa kizingitini, mtoto nimemfunga kifuani kwa leso, anachoma kama jiko. Hakuna mtu angetoka bila kuniruka.

"Kama kilio kinatafuta mtu," nikasema, "mimi ndiye niliyempeleka kuona ile maiti. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Huyu haendi. Nipelekeni mimi."

Homa ilishuka siku ya tano, na huyo mtoto leo ndiye mama ya watatu kati ya hao saba wangu. Lakini pale kizingitini sikuwa na habari ya siku ya tano. Nilichokuwa nacho ni joto lake kifuani, na viatu vya mama mkwe vinavyokuja mpaka vikasimama mbele ya magoti yangu. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi litatuacha," akasema, taratibu, karibu kwa huruma. "Mlete, binti yangu."

Mara ya kwanza alipoyasema maneno hayo, miaka ile, nilijibu ndiyo, mama. Sasa nilikaza fundo la leso.

"Huyu haendi. Nipelekeni mimi."